Tangi la mafuta limehamishwa, sasa pikapu haikubali kujaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972 na Ford F-100 za miaka hiyo zilitoka kiwandani tangi likiwa ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Wenye pikapu hizi hulihamishia chini ya bodi ya nyuma, katikati ya vyuma vya chasi, ili petroli isikae mgongoni mwa dereva na harufu itoke kebini. Ni kazi nzuri, na tunaiunga mkono. Lakini tangi la kebini lilikuwa na shingo fupi iliyoshuka moja kwa moja, na jipya lina mpira mrefu wenye kona. Taabu zote za kujaza zinaanzia hapo. Majibu haya yanafaa pia kwa pikapu nyingine yoyote ya zamani iliyobadilishiwa mahali pa tangi.

Kwa nini nozeli ya pampu ya kituo inakata kila baada ya lita mbili tatu, na tangi ni tupu?

Kwenye ncha ya nozeli, ndani ya mdomo wake, kuna kitundu kidogo chenye kijibomba kinachopanda hadi kwenye mtambo wa kukata. Petroli inapopita kwa kasi hufyonza hewa kupitia kitundu hicho. Kitundu kikifunikwa na petroli au povu, hewa inakosekana, mfyonzo unavuta kiwambo kilicho ndani ya nozeli, na kishikio kinafyatuka: ta! Nozeli haijui kama tangi limejaa. Inajua tu kwamba ncha yake imeguswa na mafuta.

Kwa hiyo inapokata mapema, petroli imerudi juu kwenye shingo badala ya kushuka. Pampu ya magari madogo hutoa karibu lita 35 hadi 40 kwa dakika, na kila lita inayoingia lazima itoe lita moja ya hewa na mvuke. Hewa isipokuwa na njia yake, itapanda kupitia mpira ule ule unaoshusha petroli. Vikutane katikati, petroli ichemke povu, kitundu kizibwe. Kabla ya kulaumu pampu ya kituo au kununua tangi jingine, ichukulie shida hii kuwa ya hewa mpaka uthibitishe sivyo.

Nianze kukagua wapi?

Anza na jaribio lisilohitaji spana. Weka mtungi wa lita 5 wa petroli na faneli, gari likiwa mahali pa wazi, tambarare, injini imepoa. Mimina polepole, kisha mimina kwa kasi. Ikipita polepole bila shida lakini ikagoma kwa kasi, njia ya petroli iko wazi na njia ya hewa ni nyembamba au imeziba. Ikigoma hata polepole, mpira wa kujazia wenyewe una kasoro: umejikunja, umepinda tumbo, au kilango cha ndani ya shingo kimeganda.

Hatua ya pili, chomoa mpira wa hewa pande zote mbili, upande wa tangi na upande wa mdomo wa kujazia. Pitisha hewa kwa pampu ya baiskeli. Usipulize kwa kinywa, mvuke wa petroli si wa kuvutwa. Hewa inapaswa kutoka upande wa pili bila ubishi wowote. Ukiisikia pampu inakaza mkono, kuna kizuizi.

Tatu, lala chini ya gari na tochi isiyo ya moto uufuate mpira wa kujazia kwa kiganja, kutoka mdomoni hadi tangini. Mara nyingi mkono huona kabla ya jicho: mahali mpira ulipobanwa na madigadi utakuwa bapa, na penye kona kali upande wa ndani utakuwa na mikunjo.

Bomba la hewa liwe na upana gani?

Hili ndilo kosa tunalolikuta zaidi. Fundi anaona kuna kijibomba cha milimita 6 juu ya tangi, anakiunganisha, anasema hewa ipo. Kijibomba hicho ni cha kupumua, si cha kujazia. Kazi yake ni kuingiza hewa taratibu injini inapotumia mafuta. Kukilazimisha kutoa lita 40 kwa dakika ni kuitaka hewa ikimbie zaidi ya mita 20 kwa sekunde ndani ya tundu la kalamu.

Bomba la hewa la kujazia liwe na upana wa ndani wa milimita 13 kwa uchache, 16 ikiwezekana. Bomba la milimita 16 lina nafasi mara saba ya lile la milimita 6. Linatoka juu ya tangi na kupanda hadi kwenye shingo, likiingia sentimita chache tu chini ya kifuniko na juu ya mahali ncha ya nozeli inapofika. Likiingia chini ya ncha ya nozeli, petroli itamwagikia ndani yake na kuliziba wakati ule ule linapohitajika.

Unahitaji basi mabomba mawili yenye kazi mbili: nene la kujazia linalorudi shingoni, na jembamba la kupumua linalokwenda nje. Moja halifanyi kazi ya lingine.

Bomba hilo litoke sehemu gani ya tangi?

Sehemu iliyo juu kabisa gari likiwa limesimama kama linavyosimama kila siku, si tangi likiwa mezani kwa fundi. Matangi ya chini ya bodi ni mapana na mafupi kwa kimo, na nyuzi mbili tatu tu za mteremko zinahamisha sehemu ya juu kutoka ncha hii hadi ile. Pikapu nyingi za zamani zikiwa tupu huinua matako, kwa hiyo hewa hukusanyika nyuma ya tangi. Ukipakia mifuko ya saruji, springi zinashuka na hewa inahamia mbele. Tundu la hewa lililo mbele peke yake litazama ndani ya petroli gari likiwa tupu, na tangi litakataa kujaa.

Dawa ni kutoa matundu mawili, moja mbele na moja nyuma, na kuyaunganisha kwa tii (kiungo cha njia tatu) kabla ya bomba kupanda shingoni. Weka pima maji juu ya tangi gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wako wa kawaida, ndipo uamue pa kutoboa.

Mpira wa kujazia upite vipi?

Ushuke tu. Usipande hata kidogo, usilale sawa hata sentimita kumi. Kipimo cha kufaa ni kushuka angalau sentimita 3 kwa kila sentimita 10 za urefu. Upana wa ndani wa milimita 50 unatosha. Chini ya 44 usijaribu.

Adui mkubwa ni tumbo: mahali mpira unaposhuka kisha ukapanda kidogo kabla ya kuingia tangini. Petroli inabaki pale kama maji yanavyobaki kwenye bomba la sinki la jikoni. Ukijaza mara ya pili, hewa haiwezi kupita katikati ya petroli hiyo na nozeli inakata papo hapo. Mpira ukiwa mpya hukaa vizuri. Baada ya miezi ya joto hulegea na tumbo linaota lenyewe. Ushikilie kwa bracketi katikati.

Kona zisizidi mbili, na kila moja iwe ya mviringo mpana. Kona ya nyuzi 90 tumia bomba la chuma lililopindwa vizuri, si mpira ulionyooka uliolazimishwa kupinda. Lakini usifanye njia yote kuwa ya chuma. Tangi limefungwa kwenye chasi, mdomo umefungwa kwenye bodi, na viwili hivi havitikisiki pamoja. Acha sentimita 15 hadi 20 za mpira katikati, la sivyo shingo itapasuka kwenye weldi.

Naweza kutumia mpira wa rejeta? Unaingia sawasawa kabisa.

Hapana. Unaingia sawasawa siku ya kwanza. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa maji ya moto na petroli huuvimbisha. Ndani unakuwa laini kama mkate uliolowa, tundu linapungua, vipande vinabanduka na kwenda kwenye chujio la kabureta. Mpira wa silikoni nao hupitisha mvuke, na bomba la plastiki la kuonekana ndani hukauka na kupasuka. Nunua mpira wenye maandishi ya mafuta ubavuni, wenye waya ndani ili usijikunje. Kila mwisho weka klipu mbili, screw zake zikiangalia pande tofauti, na kila bomba la chuma liwe na ukingo ulioinuka ili mpira usichomoke.

Nozeli haikati mapema, ila mwishoni petroli inatapika hadi kwenye rangi. Kwa nini?

Mpira wa milimita 50 wenye urefu wa sentimita 60 unabeba lita 1.2 za petroli. Tangi likikaribia kujaa, hewa iliyobanwa juu yake inasukuma. Nozeli inapokata, mgandamizo huo unatafuta njia na kuirusha petroli iliyo shingoni. Panua bomba la hewa na matapishi yatapungua mara moja. Yakibaki, weka kilango cha kuzuia kurudi mahali mpira unapoingia tangini. Kilango kiwe cha chuma au cha mpira wa mafuta, bawaba yake ikiwa juu ili kifunguke kwa uzito wa petroli. Kikiwekwa kichwa chini hakifunguki vizuri na utarudi kwenye shida ya kwanza.

Na tabia ya mhudumu kubonyeza tena na tena baada ya nozeli kukata, ili hesabu ifike shilingi kamili, ikomeshwe kwa upole. Mwambie aache inapokata mara ya kwanza. Petroli huvimba kwa joto: lita 60 zikipanda nyuzi 15 huongezeka karibu lita 0.9. Petroli inayotoka kwenye tangi la ardhini na kuingia gari litakaloegeshwa juani Nyali, Mombasa, saa saba mchana lazima iwe na pa kuvimbia. Acha asilimia 5 hadi 10 ya tangi bila kujaa.

Tangi ni la lita 80 lakini linakubali 60 tu.

Kwanza hakikisha ni kweli. Maliza mafuta mpaka injini isite, toa yaliyobaki kwa kizibo cha chini na uyapime. Huenda lita 8 zinabaki chini kwa sababu bomba la kufyonza ni fupi, na hilo ni jambo jingine.

Kama kweli linagoma, tazama bomba la hewa mahali linapoingia tangini. Matangi mengine yana kijibomba kinachoshuka ndani, kimewekwa makusudi ili petroli ikifika ncha yake hewa ikwame na kujaza kuishe. Urefu wake ulipimwa kwa gari la asili. Tangi likiinamishwa kwa njia nyingine, ncha ile inazama mapema. Kabla ya kukata kitu, pandisha upande wenye bomba kwa jeki sentimita 5 na ujaribu kuongeza. Likikubali lita kumi zaidi, umepata jibu: rekebisha mkao wa tangi kwa washa nene au vipande vya mpira mgumu kwenye mikanda.

Nikishuka kwenye feri ya Likoni na tangi limejaa, petroli inadondoka chini. Inatoka wapi?

Inatoka kwenye bomba jembamba la kupumua, na hii si ya kuahirisha. Kwenye mteremko wa gati gari linainama kwa pua, petroli inakimbilia mbele ya tangi, na bomba la kupumua lililofungwa pembeni ya chasi liko chini kuliko usawa wa petroli. Hapo linageuka mfereji, huku magari yamebanana na watu wanapita katikati.

Pandisha bomba hilo ndani ya ukuta wa bodi hadi angalau sentimita 30 juu ya tangi, lipinde kama mpini wa bakora, kisha ncha iangalie chini. Ongeza valvu ya kuzuia mafuta gari likipinduka. Valvu hiyo ina kigololi ndani na lazima isimame wima. Ikilazwa, kigololi kinaziba wakati wote na tangi halipumui kabisa.

Kifuniko kiwe chenye tundu au kisicho na tundu?

Kama bomba la kupumua lipo na linafanya kazi, tumia kisicho na tundu. Chenye tundu kitadondosha kwenye kona, kwa sababu mdomo sasa uko ubavuni, karibu na usawa wa petroli. Kama bomba la kupumua halipo, kifuniko cha tundu ndicho kinachokuokoa, lakini afadhali uweke bomba.

Ukikosea ukaweka kisicho na tundu bila bomba, injini itakwenda vizuri dakika 15 au 20, kisha ianze kukohoa kama imeishiwa. Fungua kifuniko usikilize. Hewa ikifyonzwa kuingia, tangi lilikuwa limenyimwa pumzi. Matangi ya bati jembamba hubonyea kabisa, na ukiligonga utasikia limebadilisha sauti.

Lilijaa vizuri miezi minane, sasa limeanza kugoma. Hakuna kilichoguswa.

Hapa pwani kuna sababu tatu za kutazama, na ya kwanza ni nyigu. Bomba jembamba la kupumua linaloangalia chini, penye kivuli, ni nyumba tayari kwa nyigu wa udongo. Ukikwangua ncha kwa waya utaona tope gumu la kijivu, pengine na buibui waliokaushwa ndani. Safisha, kisha funga ncha kwa wavu wa shaba nyeusi au chujio dogo la hewa. Usizibe kwa kitambaa. Kitambaa hunyonya chumvi na kuganda.

Ya pili ni hiyo chumvi. Gari linaloegeshwa karibu na bahari hupata kutu kwenye springi ndogo ya valvu na bawaba ya kilango mapema kuliko unavyodhani. Ya tatu ni mpira usio wa mafuta uliovimba, ambao tumeshausema.

Geji haisemi kweli tangu tangi lihame. Je, ndiyo sababu nadhani halijai?

Inawezekana kabisa. Geji ya C10 inataka kipimo cha tangini chenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa. Ford za enzi hizo ni kinyume: karibu 73 tupu, 10 kujaa. Ukichanganya tangi la huku na geji ya kule, sindano itakudanganya kila siku. Ndiyo maana C10 nyingi hupewa tangi la Chevrolet Blazer na F-100 hupewa tangi la Ford Mustang.

Jambo la pili ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chasi. Tangi likikaa juu ya vipande vya mpira haligusi chasi. Vuta waya kutoka kwenye tangi hadi chuma kitupu cha chasi. Kwenye C10, ethi ikikosekana sindano hupita alama ya kujaa na kubaki huko. Funga pia waya kutoka mdomo wa chuma wa kujazia hadi chasi, maana mpira umeutenga, na umeme tuli wa nozeli unahitaji pa kushukia. Mita isome chini ya omu 1.

Mdomo wa kujazia uwekwe wapi?

Ubavuni mwa bodi, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma au nyuma yake, juu kadiri uwezavyo. Kila sentimita unayoinua mdomo inakupa mteremko. Sakafuni mwa bodi ni rahisi kutengeneza na mpira unashuka wima, jambo zuri, lakini mvua za masika zikituama ndani ya bodi maji yanaingia tangini. Ukichagua hapo, inua mdomo sentimita 5 juu ya sakafu na weka kifuniko chenye gasketi. Kutumia tundu la zamani la kebini hatushauri: mpira unakuwa mrefu na unalala.

Fundi anataka kuchomelea bomba nene la hewa kwenye tangi langu. Ni salama?

Tangi lililowahi kuwa na petroli ni hatari zaidi likiwa tupu kuliko likijaa. Mvuke ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa unalipuka, na kiasi hicho hubaki kwenye mishono hata baada ya kuanikwa juani siku mbili. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unakaa chini na kujaza shimo la gereji. Kusuuza kwa maji ya moto na sabuni mara tatu hakutoshi peke yake. Anayefanya kazi hii hulijaza maji hadi karibu na anapochomelea na kuacha tundu wazi.

Njia tunayoipendelea haina moto: toboa tundu na ufunge bolti-bomba (bolti yenye tundu katikati) lenye nati na washa ya mpira wa mafuta pande zote mbili, tangi likiwa limesuuzwa na kujazwa maji. Au fanya mabadiliko yote kabla tangi jipya halijaonja petroli.

Nitajuaje kuwa nimemaliza?

Kabla ya kurudisha bodi, lifunge tangi kavu na mpira wake na upitishe ndoo ya maji ya lita 20 kwa faneli pana ndani ya dakika moja. Maji yakishuka bila kurudi, njia ni nzuri. Kausha kabisa kwa spiriti na hewa.

Kisha nenda kituoni na robo ya tangi. Mwombe mhudumu aingize nozeli mpaka mwisho na aanze nusu ya kasi kwa lita 10, halafu kasi yote. Ikikata, igeuze nozeli robo mzunguko na uirudishe nyuma sentimita 3. Ikikubali hapo, ncha ilikuwa inapiga ukuta wa shingo, na dawa ni kunyoosha sentimita 15 za kwanza za shingo. Ikikata tena kwa kasi yote lakini si nusu, bomba la hewa bado ni jembamba.

Ukifika nyumbani, pangusa kila kiungo kwa karatasi nyeupe ya choo. Petroli hukauka upesi kiasi kwamba jicho halioni uvujaji mdogo, ila karatasi itanuka. Rudia asubuhi inayofuata kabla jua halijapiga bodi, na tena saa nane mchana tangi likiwa limepata joto.